Bomba la Moshi na Kipimo cha Mafuta

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Shirimatunda, Moshi)



Twataka kusema machache juu ya jambo ambalo kwa sura yake laonekana dogo, bali kwa hesabu yake lagusa mfuko wa chama na mfuko wa kila mmoja wetu. Jambo lenyewe ni hili: je, mtu akiliondoa bomba la moshi lililokuja na gari lake la milimani, akatia jingine lililo pana zaidi, gari lile litakula mafuta machache kuliko kwanza?

Swali hili halikuzuka bure. Mbele ya mkutano huu limo ombi la baadhi ya wenzetu, kwamba mfuko utoe fedha ya kubadili bomba la gari la chama, kwa hoja kwamba fedha hiyo itarudi yenyewe kwa mafuta yatakayookolewa. Gari hilo, kama mjuavyo, ndilo linalowashusha wagonjwa wetu kutoka Kibosho na Old Moshi usiku wa mvua, na ndilo linalowachukua wafiwa siku za misiba. Fedha ya mfuko ni jasho la watu wanaokatwa kila mwisho wa mwezi; kuitoa ni jambo la kupimwa kwa mizani. Tena wako wanachama wasio wachache waliokopa ili wajipatie Land Cruiser, Prado au Land Rover zilizokwisha tumika, nao huambiwa kila waingiapo gereji ya kuwa bomba la kiwandani linawanyima faida. Yatupasa tujue kama neno hilo ni la kweli.

Sisi si mafundi. Sisi ni watu wa kalamu na daftari. Walakini jambo la kipimo ni kazi yetu, na atakaye kutushawishi kwamba lita zitapungua hana budi kutuonyesha hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

KAZI YA BOMBA LA MOSHI

Kwanza tuieleze kazi ya bomba lenyewe, maana mtu hawezi kuhukumu asilolijua. Injini ya gari huvuta hewa, huikandamiza, huyachoma mafuta ndani yake, kisha huutoa moshi. Kazi hizo nne hufuatana daima katika kila silinda. Katika ile ya nne, pistoni hupanda na kuusukuma moshi nje kupitia vali, nao hupita katika bomba, hupita katika sailensa inayopunguza kelele, kisha hutoka nyuma ya gari. Mafundi wetu huliita bomba hilo ekzosi.

Basi ikiwa njia ya moshi ni nyembamba, pistoni hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo hutoka katika mafuta yale yale tuliyoyanunua. Hii ndiyo kweli iliyo ndani ya maneno ya wauzaji, nasi hatuikatai. Kizuizi katika bomba hula nguvu. Swali lililobaki ni moja: hula kiasi gani?

Hapa yatupasa tukumbuke kanuni moja ya mwendo wa hewa. Msukumo unaotakiwa ili kuipitisha hewa katika bomba hauongezeki sawasawa na wingi wa hewa, bali huongezeka kwa kadiri ya wingi huo uliozidishwa kwa nafsi yake. Hewa ikiwa maradufu, msukumo huwa mara nne. Hewa ikipungua hata nusu, msukumo hushuka hata robo. Maana yake ni kwamba bomba linaloizuia injini inapozunguka mara 3,600 kwa dakika, haliizuii ila kwa robo ya kiasi hicho inapozunguka mara 1,800. Nasi twajua namna gari zetu ziendavyo. Katika barabara ya Arusha kwa mwendo wa kiasi, au katika njia za vijijini kwa gia ya pili, injini haifiki popote karibu na mwisho wa nguvu zake. Bomba pana humfaa mtu wa mashindano, ambaye daima amekanyaga mpaka chini. Mtu apelekaye mgonjwa hospitali au apandishaye mbolea kihambani hupata sehemu ndogo sana ya faida hiyo.

Jambo la pili watu hulisahau. Husikia kwamba karibu theluthi ya nguvu iliyomo katika mafuta hutoka kwa njia ya moshi, wakadhani ya kuwa bomba jipya litairudisha. Hasha! Theluthi hiyo hutoka ikiwa ni joto. Bomba liwe pana au jembamba, joto litatoka vile vile. Kitu kinachoweza kupunguzwa ni ile taabu ya kusukuma tu, nayo ni ndogo mno ukiilinganisha na joto hilo.

GARI ZA DIZELI

Gari la chama ni Land Cruiser yenye injini ya dizeli iitwayo 1HZ, ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2, isiyo na turbo. Injini hii ilitolewa na Toyota mwaka 1990, nayo imejaa katika nchi yetu, katika gari za hospitali, za misheni na za watalii.

Injini ya namna hii haina kilango cha kuizuia hewa kama ilivyo katika petroli. Huvuta hewa yote iwezayo kuvuta kwa kila mzunguko, na pampu ndiyo inayopima mafuta kwa kadiri dereva anavyokanyaga. Kwa hiyo kulipanua bomba hakuzidishi mafuta wala hakupunguzi kwa nafsi yake. Hupunguza kidogo taabu ya kusukuma moshi, basi. Fundi akitaka gari lipate nguvu zaidi baada ya kulipanua bomba, huifungua pampu akaongeza mafuta. Nguvu itaongezeka kweli. Lakini ndugu, hayo si mafuta yaliyookolewa, ni mafuta yaliyoongezwa. Mtu atasifu bomba kwa nguvu, kisha atashangaa tangi linapokauka mapema.

Injini za dizeli zenye turbo zina hali nyingine kidogo. Turbo huzungushwa na moshi wenyewe, na hufanya kazi kwa tofauti ya msukumo kabla yake na baada yake. Njia ikiwa wazi baada ya turbo, huamka mapema, na moshi hupoa kiasi. Hapo bomba pana lina haki zaidi ya kusifiwa, hasa kwa gari livutalo mzigo mzito katika mlima mrefu. Hata hivyo faida ya mafuta ni ndogo, nayo huliwa upesi na dereva anayeifurahia nguvu mpya.

Katika dizeli za siku hizi kuna na chujio la masizi ndani ya bomba. Chujio hilo hujaa, na gari huyachoma masizi yaliyomo kwa kutumia mafuta kidogo ya ziada. Gari likitumika kwa safari fupi fupi tu za mjini, halipati joto la kutosha kuimaliza kazi hiyo, na chujio huziba. Wako mafundi wanaoshauri kulitoa. Dawa iliyo njema ni kuliendesha gari safari ndefu ya mwendo wa namna moja, na likiwa limeziba sana, kulisafisha kwa chombo chake.

GARI ZA PETROLI

Kwa wenzetu wenye Prado na nyinginezo za petroli, tunalo neno la kuwaonya kwa bidii zaidi. Katika bomba la gari hizi kuna kipima hewa, ambacho mafundi hukiita oksijeni sensa. Kipima hiki huunusa moshi na kuiambia kompyuta ya gari kama mafuta yamezidi au yamepungua. Kompyuta nayo hujitahidi kuweka uwiano wa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito.

Sasa sikilizeni yatokeayo. Fundi akilikata bomba na kuliunga vibaya mbele ya kipima hicho, hewa ya nje huvutwa ndani kupitia tundu. Kipima huona hewa nyingi, hudhani kwamba mafuta yamepungua, huiarifu kompyuta, na kompyuta huongeza petroli. Gari halikuhitaji petroli hiyo. Hivyo mtu alitoa fedha ili apunguze matumizi, naye akapata kuyazidisha. Tundu lenyewe laweza kuwa dogo kiasi cha ncha ya kalamu. Na fundi akikiondoa kipima kabisa, au akikata waya zake, kompyuta hubaki kama karani aliyefumbwa macho: huandika kwa kukisia, na desturi yake ni kukisia kwa kuzidisha.

Kuna tena kile chombo cha kusafisha moshi ambacho mafundi wetu hukiita masega, kwa kuwa ndani yake mna vitundu kama vya nyuki. Ndani ya masega kuna madini ya thamani, yaani platinamu, paladi na rodi, na kwa hiyo wako watu wanaoyatamani. Mwanachama akiambiwa kwamba masega yake yanamla mafuta, na ya kuwa yatatolewa kwa bei nafuu, na ajiulize ni nani apataye faida hapo. Masega mazima hayazuii moshi kwa kiasi cha kuonekana katika daftari la mafuta. Yakiwa yameyeyuka au yamevunjika, ndipo huziba, na ndipo yafaa kubadilishwa. Tena masega hayayeyuki bila sababu. Aghalabu ni plagi mbovu au petroli iliyozidi iliyoyachoma. Asiyetibu sababu atarudi gereji mara ya pili.

HESABU

Tuje sasa katika hesabu, maana hapo ndipo ukarani wetu ulipo. Tuseme gari lala lita 14 kwa kilomita 100. Na tuwape wauzaji heshima, tukubali kwamba bomba jipya litaokoa sehemu 2 katika 100, ijapokuwa hakuna aliyetuletea daftari la kuthibitisha hivyo. Sehemu 2 katika 100 ya lita 14 ni lita 0.28. Kwa kilomita 10,000, akiba ni lita 28.

Bei za mafuta hupanda na kushuka, kwa hiyo na tuihesabu gharama ya bomba kwa lita badala ya shilingi. Chukua bei uliyotajiwa na fundi, uigawanye kwa bei ya lita moja kituoni. Tuseme jibu ni lita 300. Basi ili kuzirudisha lita 300 kwa akiba ya lita 0.28 katika kila kilomita 100, gari litakwenda zaidi ya kilomita 107,000. Gari liendalo kilomita 10,000 kwa mwaka litahitaji karibu miaka 11. Wangapi kati yetu wana hakika kwamba bomba lililoungwa mtaani litadumu miaka 11 katika matope ya masika na mawe ya njia zetu?

Tuiweke hesabu hiyo kando ya nyingine. Kutoka mjini Moshi mpaka lango la Marangu, gari hupanda kimo cha kama mita 1,000. Gari lenye uzito wa kilo 2,500, kwa kupanda tu, bila kuhesabu mwendo wa mbele, linatumia dizeli kama lita 2 na robo, tukichukua kwamba injini hugeuza sehemu 30 katika 100 za nguvu ya mafuta kuwa kazi. Ukiongeza mzigo wa kilo 500, umeongeza karibu nusu lita kwa kupanda huko peke yake. Tuseme safari nzima ya kupanda imekula lita 8. Zile sehemu 2 katika 100 za bomba zingekuwa lita 0.16. Hivyo mzigo usio wa lazima wala karibu mara tatu ya kile ambacho bomba jipya limeahidi kuokoa. Gari letu la chama lina matairi mawili ya akiba juu ya keria, sanduku la vyuma, na magunia ambayo hakuna ajuaye mwenyewe. Hayo yashushwe kwanza.

MLIMA NA HEWA YAKE

Liko jambo jingine la nchi yetu hii ambalo huwadanganya wengi. Moshi mjini tuko kimo cha kama mita 800 hadi 900 juu ya bahari, na huku hewa imepungua msukumo wake kwa kama sehemu moja katika kumi. Penye lango la Marangu, kimo cha kama mita 1,860, imepungua kwa kama sehemu moja katika tano. Injini ya dizeli isiyo na turbo huvuta ujazo ule ule, lakini ndani ya ujazo huo hewa ni chache. Pampu isiyorekebishwa ikiendelea kutoa mafuta kama ya pwani, sehemu ya mafuta hayo haichomeki yote, na gari hutoa moshi mweusi.

Mtu aonapo moshi mweusi akiwa Marangu au juu ya Machame, husema, bomba limeziba. La, bwana. Hewa ni chache, na mguu wa dereva ni mzito. Dawa yake ni kushusha gia mapema na kulegeza mguu, kulisafisha chujio la hewa, na kumwita fundi wa pampu na nozeli aangalie kipimo chake. Katika vumbi la kiangazi upande wa tambarare, chujio la hewa huziba upesi, na gharama ya kulikung'uta ni dakika chache.

NAMNA YA KUPIMA

Twawaomba wanachama wasiamini neno letu, kama tusivyotaka waamini neno la muuzaji. Na wapime wenyewe. Njia ni rahisi, nayo yahitaji daftari, kalamu na uvumilivu.

Jaza tangi mpaka pampu ya kituo ikatike yenyewe, uandike kilomita. Endesha angalau kilomita 400 katika njia zako za kila siku. Rudi kituo kile kile, pampu ile ile, gari likisimama pahali pale pale, ujaze tena mpaka ikatike. Andika lita, gawanya kwa kilomita, zidisha kwa 100. Fanya hivyo mara tatu kabla ya kubadili kitu chochote, na mara tatu baada ya kubadili. Kama zile tatu za kwanza zatofautiana zenyewe kwa zenyewe kwa lita nzima, jua ya kuwa kipimo chako hakiwezi kuiona akiba ya lita 0.28, wala hakiwezi aliyekuambia kwamba ameiona.

Tena badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Desturi ya gereji ni kubadili bomba, na papo hapo kutia chujio jipya, kusafisha nozeli, na kujaza upepo wa tairi. Gari likipungua ulaji, sifa yote hupewa bomba, kwa kuwa ndilo linaloonekana na kusikika. Vile vile mtu aliyetoka kulipa fedha nyingi huendesha kwa upole mwezi mzima, akitaka aone faida. Upole ule ndio uliookoa mafuta, nao haukuuzwa dukani.

Na mwenye kutia tairi kubwa kuliko za kiwandani ajihadhari na saa ya kilomita. Tuseme mzingo wa tairi mpya umezidi kwa sehemu 5 katika 100. Saa ikionyesha kilomita 400, gari kwa kweli limekwenda 420. Lita 60 zikigawanywa kwa 400 zatoa 15.0 kwa kilomita 100. Zikigawanywa kwa 420 zatoa karibu 14.3. Asiyejua hili atalilaumu bomba au kulisifu kwa kosa lisilo lake.

Hata huko Marekani watu wameuziwa ahadi za namna hii. Idara ya Hifadhi ya Mazingira ya nchi ile imepima vifaa zaidi ya 100 vilivyosemwa kwamba vinaokoa mafuta. Vingi vyavyo vilikuwa vya kutiwa katika njia ya mafuta na hewa, si mabomba. Lakini fundisho ni moja. Vichache mno vilionekana kuwa na faida yoyote, na faida yenyewe ilikuwa kidogo tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

HATARI

Mpaka hapa tumesema juu ya fedha. Lakini fedha ikipotea hutafutwa. Kuna kitu kisichotafutwa kikipotea. Bomba lililokatwa na kuungwa ovyo, likavuja chini ya sakafu ya gari, au likaishia kabla ya kufika nyuma, huruhusu moshi kuingia walipo abiria. Ndani ya moshi mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo monoksidi ya kaboni, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Injini za petroli huitoa kwa wingi, hasa zilizoondolewa masega. Mgonjwa aliyelazwa nyuma, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi ya usiku, hana nguvu hata ya kusema kwamba kichwa chamwuma.

Moshi wa dizeli nao hauna mzaha. Mwaka 1 kabla ya 2013, yaani Juni 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya la Ulimwengu waliutaja kuwa katika kundi la vitu ambavyo imethibitika kwamba huwatia wanadamu saratani. Aondoaye chujio au masega hauondoi moshi. Huutuma katika vifua vya watoto waendao shule kwa miguu kando ya barabara.

Bomba lililosogezwa mahali pake laweza kukaribia mpira wa mafuta au waya za breki, au kugusa majani makavu gari liegeshwapo tambarare wakati wa kiangazi. Moto haungoji fundi. Na kelele nayo, ambayo vijana huipenda, si dalili ya nguvu. Debe tupu haliachi kuvuma.

SHAURI LETU

Hatusemi kwamba bomba lisiguswe kamwe. Likiwa limepondwa na jiwe, limeoza kwa kutu, au vyuma vya ndani ya sailensa vimeanguka na kuziba njia, gari hukosa pumzi hasa linapokazwa mwendo, na kweli hula mafuta zaidi. Hapo kulibadili ni matengenezo ya haki. Nalo libadilishwe kwa upana ule ule aliouchagua mwenye kuitengeneza injini, kwa gasketi mpya, na maungio yasiyovuja.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta mapendekezo haya mbele ya mkutano:

1. Ombi la kutoa fedha ya mfuko kwa bomba pana lisikubaliwe kwa sasa, mpaka mwenye kulileta atakapoleta vipimo vya kabla na baada, vya gari la namna moja na letu.

2. Bomba tulilo nalo likaguliwe chini kwa chini, toka injini hata mwisho, na kila panapovuja pazibwe kabla ya mvua za masika.

3. Mizigo isiyo na mwenyewe ishushwe katika keria, upepo wa tairi upimwe kila wiki tairi zikiwa baridi, na chujio la hewa liangaliwe kila baada ya safari za vumbi.

4. Fedha iliyokusudiwa bomba, itumike kwanza kupima nozeli na pampu, kwa kuwa huko ndiko mafuta hupimwa.

5. Liwekwe daftari la mafuta ndani ya gari, lenye safu za tarehe, kilomita, lita, njia, mzigo na sahihi ya dereva, nalo lisomwe katika kila mkutano wa robo mwaka.

Kwa wanachama wenye gari zao wenyewe, neno letu ni hilo hilo. Kabla hujasaini mkopo mwingine juu ya mkopo, muulize fundi swali moja: itapungua lita ngapi kwa kilomita 100, na waliopima ni akina nani? Akijibu kwa hesabu, msikilize. Akijibu kwa kulikanyaga gari ili usikie mlio, mshukuru kwa adabu, uende zako.

Tumekwisha kusema. Walio na ujuzi kuliko sisi, hasa ndugu zetu wa karakana, na watusahihishe panapostahili, na daftari ziletwe mezani. Twamrudishia Bwana Mwenyekiti nafasi yake ili mkutano uamue.